Doti moja, mtaro mmoja: sanaa ya ukutani kuhusu plastiki na maji mekundu

*"Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari hapa Tanga. Nina wanafunzi 40 wa klabu ya mazingira na ukuta wa uzio wenye urefu wa mita 8 na kimo cha mita 2.5, unaotazama njia ya kwendea baharini. Tunataka uwe tayari Siku ya Bahari Duniani, tarehe 8 Juni. Mpango wetu ni kuokota plastiki na ndala ufukweni, kuziyeyusha kwenye jiko la mkaa na kutengeneza kasa mkubwa, maana tumeona lile jahazi la Lamu lilivyojengwa kwa plastiki. Pia tunataka kuonyesha ule uchafu mwekundu unaoelea baharini. Mwanafunzi mmoja amependekeza tuukusanye, tuukaushe na tuusage uwe rangi. Ila wawili waliogusa majani kama nywele yaliyokuwa yakielea waliwashwa siku mbili nzima. Je, kuna hatari? Na la mwisho: watu wa hapa huangalia kazi zetu, husema 'mazingira hayo', halafu wanaendelea kutupa taka. Tufanyeje sanaa hii isiwe pambo tu?"*

Mwalimu, habari za kazi. Mambo mawili niyaseme kwanza, kwa sababu yanaweza kuwaumiza watoto wiki hii hii: msiyeyushe plastiki kwenye jiko la mkaa, na msikusanye ule uchafu mwekundu wala yale majani yaliyowawasha. Mengine yote yanajadilika.

Tuanze na jiko. Plastiki ya ufukweni ni mchanganyiko wa vitu vya asili tofauti. Kipande cha bomba la PVC na kipande cha ndoo, vikishapigwa na jua na kusuguliwa na mchanga miezi kadhaa, vinafanana kwa macho. Lakini PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayochoma mapafu, pamoja na sumu za jamii ya dioksini. Ile povu nyeupe ya vibebea chakula hutoa mvuke wa stirini. Mkaa hauna kipimo: upande mmoja wa sufuria plastiki inalainika, upande mwingine inateketea, na watoto 40 wameizunguka. Kuhusu jahazi la Lamu, Flipflopi, lililoshushwa majini Septemba 2018 likiongozwa na fundi Ali Skanda, mbao zake zilitokana na plastiki iliyochambuliwa na kuyeyushwa kwa mashine za kazi hiyo, ndipo mafundi wakaichonga kama wanavyochonga mti. Zile ndala zipatazo 30,000 zilizolifunika mwilini hazikuyeyushwa kabisa. Zilikatwa, zikabandikwa. Kwa hiyo Lamu mna la kuiga: kisu, gundi na subira, si moto.

Sasa yale majani ya nywele. Dalili unazoeleza zinafanana na za sianobakteria (bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mwani) wa jamii ya Lyngbya, ambao hukua kama manyoya meusi au ya kijani kibichi kwenye nyasi za bahari na kwenye kamba za wakulima wa mwani, kisha hung'oka na kuelea. Aina fulani zina kemikali zinazochubua ngozi, hasa chini ya nguo za kuogelea na kwenye mikunjo. Sisemi kuwa ndio hao, maana hilo huthibitishwa kwa hadubini. Lakini kitu kilichowasha kikiwa kimelowa, kikikaushwa na kusagwa kinakuwa vumbi la kuingia puani na machoni. Hapo tatizo la ngozi mmeligeuza kuwa la mapafu. Rangi yenyewe isingedumu hata hivyo: rangi za vimwani, yaani mwani mdogo sana, hufifia juani baada ya wiki chache.

Kuna dhana mbili ambazo karibu kila mchoro wa shule kuhusu bahari hubeba, na nadhani zimo kwenye mpango wenu pia.

Ya kwanza ni kwamba plastiki ndiyo inayoleta maji mekundu. Hapana. Chupa haina mbolea ndani yake. Inaweza kuwa chombo cha kusafiria, kwa sababu vimwani hujishika juu ya takataka zinazoelea na kuhamia nazo, lakini haiwalishi. Ya pili ni kwamba mwani ni uchafu. Hii ina madhara zaidi kwetu watu wa pwani. Tangu 1989, kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, kaya nyingi za Unguja na Pemba, hasa kupitia akina mama, zimepata riziki kwa mwani huo, na Tanga nako wapo wakulima. Vimwani visivyoonekana kwa jicho ndivyo chakula cha kwanza cha bahari yote: dagaa huvila, jodari hula dagaa. Karibu nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani hutokana na viumbe vya baharini vya aina hiyo. Mtoto akichora mwani kama zimwi jeusi lenye meno, mama yake mkulima akipita atakuwa na haki ya kununa.

Tatizo huja vimwani vinapolishwa kupita kiasi. Vimwani huhitaji mwanga, joto, na virutubisho viwili vikubwa, naitrojeni na fosforasi. Katika bahari yetu mwanga na joto vipo mwaka mzima, kwa hiyo kinachovizuia visijae ni virutubisho, ambavyo kwa kawaida ni haba. Mvua za masika zinapokuja, mitaro hubeba maji ya vyoo vilivyofurika, mapovu ya sabuni, mbolea za mashambani na samadi, vyote vikaishia ghubani. Aina moja ikipata nafasi, hugawanyika mara moja au zaidi kwa siku. Hesabu yake wanafunzi wanaijua: moja, mbili, nne, nane. Ikigawanyika mara moja tu kila siku, baada ya siku 10 kimoja kimekuwa zaidi ya 1,000, baada ya 20 zaidi ya milioni.

Baada ya hapo madhara huja kwa njia mbili tofauti, na ni vizuri mchoro usizichanganye. Njia moja ni ya kukosa pumzi: vimwani vikifa kwa wingi, bakteria huvila na kutumia oksijeni ya maji, na samaki huonekana alfajiri wakihema juu ya maji au wamekufa. Vimwani vyenyewe huenda havina sumu hata kidogo. Njia nyingine ni ya sumu halisi, ambayo aina chache tu hutengeneza. Chaza na kome huchuja maji na kuikusanya mwilini bila wao kudhurika. Sumu nyingine hutoka kwa vimwani wanaoota juu ya matumbawe yaliyokufa, ikapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, na kuishia kwenye chewa au mkunga. Na hapa ndipo watu hukosea zaidi: sumu hizi hazifi kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Hazina harufu wala ladha. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9, wakiwemo watoto 8, walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Inashukiwa kwamba sumu ya aina hiyo hutokana na mwani ambao kasa amekula, ingawa jambo hilo halijathibitishwa. Msichore msiba wa watu kwa jina. Lakini hoja yake, kwamba sufuria haiondoi sumu, inastahili kuwepo ukutani.

Rangi nayo isiwadanganye. Ule utando wa kahawia au mwekundu unaofanana na vumbi la mbao, unaoonekana mara nyingi msimu wa kaskazi wakati bahari imetulia, aghalabu ni Trichodesmium, kiumbe wa kawaida katika maji haya, anayejitengenezea naitrojeni kutoka hewani na ambaye hutokea hata mbali na mitaro. Maji yanayong'aa usiku ukiyapiga kasia ni vimwani pia, na mara nyingi hayana ubaya wowote. Wakati huohuo maji yaliyo safi machoni yanaweza kuwa na sumu. Kwa hiyo ukuta unaosema "maji mekundu ni sumu" ungewafundisha watu kosa la pande zote mbili.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Kasa mkubwa wa plastiki huwafanya watu wamhurumie kasa. Hakuna anayepita pale atakayejiona yeye ndani ya kazi hiyo. Kinachounganisha plastiki yenu na vimwani vyenu si kasa, wala si bahari. Ni mtaro. Vyote viwili hupita kwenye mfereji uleule unaotoka nyuma ya nyumba za watu wanaopita mbele ya ukuta wenu. Kwa hiyo chorani mtaro, na uwe ule wa mtaa wenu hasa, wenye kona, daraja la mbao na mti ambao kila mtu anaujua. Mtu akitambua mahali, husimama. Akisimama, husoma.

Na vipimo vya ukuta wako vimenifurahisha. Mita 8 kwa 2.5 ni doti ya kanga: vipande viwili vya mita 3.75 kila kimoja, na pengo la nusu mita katikati. Kanga ndiyo sanaa ya ujumbe ambayo kila mpita njia wa pwani tayari anajua kuisoma, maana ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina. Kwa kawaida vipande vya doti vinafanana. Fanyeni hivyo hivyo: pindo moja, mtaro mmoja katika mji wa kila kanga, umbo lilelile, mahali palepale. Tofauti iwe moja tu, yaani kinachopita ndani ya mtaro. Kushoto chupa, vifuko na ndala. Kulia maji ya choo, sabuni na mbolea, yakiishia kwenye ghuba iliyojaa nukta za rangi zinazoongezeka maradufu, moja, mbili, nne, nane, hadi zinameza samaki. Jina liwe fupi, lenye fumbo, lisilohubiri. Mfano: *Utupacho mtaroni chaturudia mezani*. Waachie wanafunzi watunge lao, ila kataa kila jina linaloanza na "Tutunze". Hayo watu wameshazoea kuyapita.

Plastiki ikae kwenye pindo. Vizibo vya chupa ndivyo bora: ni vigumu, vina rangi, vinapatikana kwa wingi, na karibu vyote ni vya plastiki isiyotoa sumu ukiitoboa. Mstari mmoja wa vizibo kuzunguka kanga moja, kizibo kila sentimita 3.5, ni vizibo 360 hivi. Mistari mitatu kwa kanga zote mbili ni 2,100 hivi, yaani vizibo 50 na ushee kwa kila mwanafunzi. Kwa siku tatu za kuokota, inawezekana.

Nendeni siku mbili au tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bamvua inapoanza kupungua. Maji yaliyojaa sana yatakuwa yameacha mstari wa takataka juu kabisa ya ufukwe, na hayaufikii tena. Anzeni saa ambayo maji yanakupwa. Pimeni mita 100 kwa kamba, na muokote ndani ya kipimo hicho tu huku wawili wakihesabu kwa makundi: vizibo, chupa, ndala, vifungashio, nyavu na kamba. Nyinyi mtaona kama ni usumbufu, lakini idadi hiyo ikiandikwa kwenye ubao mdogo kando ya ukuta itagusa watu zaidi ya maelezo yoyote, kwa sababu ni ya ufukwe wao. Vaeni glavu nene na viatu vilivyofunika vidole. Sindano na vioo visiokotwe na mwanafunzi. Wewe uwe na koleo na galoni ngumu yenye kifuniko. Makombe na vipande vya matumbawe viacheni hapo hapo, kaa duvi na viumbe wengine wanavihitaji.

Kuosha ndiko watu hukimbia, na ndiko kazi huharibikia. Chumvi ikibaki, gundi haishiki na skrubu zinakula kutu haraka. Suuzeni kwa maji baridi mara mbili, osheni kwa sabuni, kisha lowekeni dakika 30 kwenye ndoo ya lita 10 yenye kikombe kimoja (mililita 250) cha jiki ya kufulia isiyo na manukato. Suuzeni tena, anikeni kivulini siku mbili. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo wala siki: gesi inayotoka ni ya klorini.

Kisha chambueni. Kateni kipande kidogo, kitoeni hewa, kitupeni kwenye ndoo ya maji ya bomba. Vizibo, ndoo na galoni huelea. Plastiki ya chupa za maji huzama, na PVC huzama pia. Kinachozama na hakikukatwa kutoka kwenye chupa mnayoijua, kiwekeni kando, msikitumie.

Mkishachambua mtagundua jambo linalowavunja moyo wengi: vizibo havishiki gundi. Supagluu itashika asubuhi, jioni kizibo kiko chini. Si gundi mbovu. Plastiki ya aina hiyo uso wake hautoi nafasi ya gundi kujishikiza, kama maji yanavyoteleza kwenye jani la mgomba. Kwa hiyo toboeni. Kizibo kimoja, tundu moja la milimita 3 katikati, upande uliofumba ukitazama juu, juu ya kibao chakavu. Usitoboe mara 2,100 kwenye ukuta. Nunueni mbao za papi za upana wa sentimita 10, zipakeni rangi pande zote nne na kwenye ncha, fungeni mistari mitatu ya vizibo hapo kwa skrubu za milimita 20, halafu fundi azikaze papi ukutani kwa plagi kila sentimita 60. Skrubu ziwe za chuma cha pua, au angalau zilizopakwa zinki. Skrubu nyeusi za dukani, kwa upepo wa chumvi wa Tanga, zitatiririsha kutu juu ya mchoro wenu kabla mwaka haujaisha.

Ndala ni rahisi zaidi. Zinakatika kwa kisu kikali na hukubali gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, kisha bandika na ugandamize kwa nguvu. Anayebandika akiwa na haraka, gundi ikiwa mbichi, kipande kitabanduka. Mvuke wa gundi hiyo unalevya na unaumiza kichwa, basi ifanyike nje, na kopo likae mkononi mwako. Ukitaka kulainisha kingo, tumia msasa uliolowa maji ili vumbi lisiruke. Kateni samaki wa upande wa kulia kutokana na ndala, mtapata uso wenye unene wa sentimita moja unaoonekana hata kwa mbali.

Ukuta wenyewe una kikwazo ambacho ni kalenda. Masika huanza Machi, hadi Mei bado inanyesha, na ninyi mnataka kumaliza tarehe 8 Juni. Ukuta wa uzio hunywa maji kutoka juu na kutoka chini. Rangi ikipakwa juu ya ukuta uliolowa, maji yakitafuta njia ya kutoka huisukuma, ikavimba malengelenge na kung'oka vipande vipande. Kipimo rahisi: bandikeni nailoni ya nusu mita kwa nusu mita kwa utepe jioni. Asubuhi ya pili ikiwa na ukungu kwa ndani, ukuta haujakauka. Mnayo njia mbili. Pakeni kwenye plaiwudi ndani ya darasa na kuzifunga ukutani Juni, au zindueni chupa za vimwani nitakazozieleza hapa chini na hesabu ya taka tarehe 8 Juni, ukuta upakwe Julai na Agosti, wakati wa ukavu. Mimi ningechagua ya pili. Plaiwudi ya kawaida kwenye uzio wa pwani hufumuka matabaka.

Kabla ya rangi angalieni ukuta umejengwa kwa nini. Ukiwa wa tofali na saruji, kwaruzeni ule ukungu mweupe wa chumvi kwa brashi kavu, osheni kwa maji baridi, acheni ukauke, kisha praima ya nje mkono mmoja na rangi ya maji ya nje mikono miwili. Lipu mpya ingoje siku 28. Kwa mita za mraba 20, na lipu ya kawaida ikila lita moja kwa mita 8 za mraba, mtahitaji lita 2.5 za praima na lita 5 za rangi ya chini, yaani makopo matatu ya lita 4, na salio la kurekebishia. Rangi za mchoro, lita moja moja za rangi tano zinatosha. Buluu ndiyo huisha kwanza. Ukiwa ni ukuta wa zamani wa mawe na chokaa, msipake rangi ya maji kabisa. Inafunga pumzi ya ukuta, na jiwe hulowa ndani hadi lipu inaanguka pamoja na mchoro. Hapo tumieni chokaa yenyewe, iliyochanganywa na unga wa rangi za oksaidi, nyekundu, manjano na nyeusi. Hamtapata buluu kali, lakini mtapata kazi ambayo itachakaa kwa heshima.

Jambo moja ambalo hata wachoraji wazoefu husahau: rangi ya maji ya nje ni plastiki. Ukiosha brashi kwenye bomba la shule, maji meupe yanaingia kwenye mtaro uleule uliouchora. Futeni brashi kwanza kwa gazeti mpaka iishe, kisha osheni kwenye ndoo ya kwanza, suuzeni kwenye ya pili. Ziacheni ndoo zitulie usiku kucha. Shabu kidogo, ile ya kutakasia maji, huharakisha utuaji. Mwageni maji yaliyokuwa safi kwenye mchanga mbali na mtaro, matope yakauke juani na yaende na taka ngumu.

Ule uwazi wa nusu mita kati ya kanga mbili ndipo vimwani halisi vinaweza kuonekana, bila mtu kuvigusa. Chukueni chupa tano za plastiki angavu za lita 1.5, mjaze lita moja ya maji ya bahari yaliyotekwa siku hiyo hiyo mahali pasipo utando wowote, yakiwa yamechujwa kwa kitambaa cha khanga kilichokunjwa mara mbili ili kuondoa wadudu wanaokula vimwani. Yeyusheni gramu moja ya mbolea ya DAP kwenye lita moja ya maji ya kunywa. Chupa ya kwanza isipate kitu. Nyingine zipate mililita 2, 5, 10 na 20 za maji hayo, kwa sirinji mpya isiyo na sindano. Fungeni vifuniko bila kukaza, viandikeni namba, ziwekwe dirishani penye mwanga mwingi lakini pasipo jua la moja kwa moja. Jua la mchana likiipiga chupa iliyofungwa, maji hupata joto la kuua vimwani vyote, na watu wengi huishia hapo wakidhani jaribio limegoma. Zitikiseni taratibu kila asubuhi.

Baada ya siku 7 hadi 14 mtaona ngazi ya rangi, kutoka maji matupu hadi kijani au kahawia. Kosa la kawaida ni mkono mzito: ukitia kijiko cha mbolea ukidhani utapata kijani zaidi, amonia inakuwa nyingi, vimwani hufa, na chupa inabaki na maji ya maziwa yanayonuka bakteria. Ikitokea, itunzeni hiyo pia, ina la kusema. Siku ya maonyesho zipangeni kwenye kibao katikati ya kanga mbili, jua likiwa nyuma yake. Hazifunguliwi, hazinuswi, kwa sababu hamjui aina gani imeota ndani. Zikimaliza kazi, kila chupa itiwe vijiko viwili vya chakula vya jiki, ikae siku nzima, ndipo imwagwe chooni. Kumwaga mtaroni kungekuwa kichekesho.

Mkitaka mwani ndani ya kazi bila hatari, ombeni au nunueni kwa wakulima vipande vya mwani mwembamba. Utandazeni kwenye sinia la maji ya chumvi, ingizeni karatasi nzito chini yake, inueni polepole, funikeni kwa kitambaa cha pamba, na mgandamize kati ya magazeti chini ya matofali, mkibadilisha magazeti kila siku kwa siku tano au sita. Mwembamba hujibandika kwa ute wake. Mnene hautakauka, utaoza.

Kuhusu watu kuendelea kutupa: nitakuwa mkweli, mchoro peke yake haupunguzi taka wala maji ya choo. Unachoweza kufanya ni kuwasimamisha watu mahali pamoja wakati kuna jambo la kufanya. Basi waiteni siku ya uzinduzi mwenyekiti wa mtaa na watu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni), mbele ya chupa na hesabu zenu, na muwaulize jambo moja dogo linalopimika: wavu wa kukinga taka kwenye mdomo wa mtaro, na nani atausafisha kila wiki. Mkihesabu tena mita 100 zile zile baada ya miezi sita, mtajua kama kuna kilichobadilika. Wakati huo huo kagueni pindo. Jua huifanya plastiki iwe kavu, na kizibo kinachopasuka ukikibinya kwa vidole kiondolewe, la sivyo ukuta wenu utakuwa unadondosha vipande vidogo kuelekea bahari.

Mwisho, yale ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Mwanafunzi akichomwa na sindano ya ufukweni, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, msilikamue, na afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa ya kinga dhidi ya VVU huanza mapema iwezekanavyo na haivuki saa 72, na pepopunda nayo iangaliwe. Mtu aliyekula samaki, chaza au kasa kisha akafa ganzi midomo na vidole, akatapika au akahisi baridi kama inaunguza, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya chakula. Wale wawili waliowashwa, ngozi ikiwa imetoa malengelenge au macho yamevimba, wamwone daktari. Mkiona samaki wengi wamekufa au maji yamebadilika rangi kwa siku kadhaa, msiyaingie. Pigeni picha, andikeni mahali, tarehe na hali ya maji, mmpelekee afisa uvuvi wa wilaya, ambaye anaweza kuwafikia TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, kwa ajili ya sampuli. Na mkiamua kusimamisha sanamu yoyote iliyozidi mita mbili, nondo na msingi wake aviangalie fundi wa ujenzi kwa macho yake, maana Juni upepo wa kusi unakuwa umeshashika.